Mizizi ya Arvella na Vidonge vya Lowell

Arvella Stidham alijua ana nini akiwa na miaka hamsini na minane, tena alijua kwa bahati tu. Siku hiyo alikuwa amemsindikiza binti yake Tonya kwa daktari, maana gari la Tonya lilikuwa gereji. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani aliyeitwa Villanueva, alikuwa akimsomea Tonya maswali kutoka kwenye karatasi. Huwa unapoteza vitu mara kwa mara? Unaanza kazi tatu usimalize hata moja? Mtu akizungumza nawe, mawazo yako yanatoroka kabla hajamaliza? Arvella, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini, alianza kujibu kimoyomoyo, na kufika swali la nne alikuwa anajibu kwa sauti.

"Ndiyo," alisema. "Na hilo ndiyo. Hilo hata usiulize."

"Mama," Tonya alimwambia, "mgonjwa ni mimi."

Daktari Villanueva aliweka kalamu chini akamtazama Arvella. "Na wewe tutakupangia siku yako," alisema.

Bonde zima la Caney walikoishi hakuna aliyeshangaa sana habari zilipofika kwamba Arvella ana ile hali ya akili kushindwa kutulia mahali pamoja. Huyu ndiye Arvella aliyeendesha gari mpaka kanisani na keki ya tufaha juu ya paa, ikafika salama, akauliza nani kaileta. Funguo zake ziliwahi kukaa kwenye friza wiki nzima pamoja na nyama ya nguruwe. Mumewe, Denzil, mtu mtaratibu aliyechimba makaa ya mawe chini ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amepigilia misumari mitatu karibu na mlango, na juu ya kila msumari akaandika kwa herufi kubwa: FUNGUO, MIWANI, MKOBA. Arvella alitundika kofia kwenye wa kwanza, vitunguu kwenye wa pili, na wa tatu ukamchania sweta. Denzil akachukua sindano na uzi. Aliishona ile sweta mwenyewe.

Mahali pekee ambapo akili ya Arvella ilikaa kitako ni msituni. Huko alipelekwa na bibi yake mzaa mama tangu hajaota meno ya ukubwani, na huko aliweza kupiga magoti saa nne mfululizo akichimbua jinsengi, ule mmea wa mizizi ya kuongeza nguvu, akifuata mzizi kwa ncha ya vidole asiukate hata unywele mmoja. Mwalimu wake wa darasa la tatu, aliyekuwa akimfunga kwenye kiti kwa kitambaa cha shingo ili atulie, angemwona huko asingeamini ni mtoto yuleyule.

Mizizi na majani ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alitengeneza mafuta ya vidonda na dawa ya kikohozi ya asali. Alitengeneza matone ya ua la Mtakatifu Yohana, lile la manjano ambalo ukilisugua vidole vinatoka vyekundu, kwa ajili ya watu wanaoelemewa na huzuni majira ya baridi. Lakini iliyomletea jina ilikuwa dawa ya nguvu ya bibi yake: jinsengi na urukususu, ule mzizi mtamu, vimelowekwa pamoja wiki sita kwenye pombe kali. Kila Jumamosi alipanga chupa zake mezani kwenye ukumbi wa zimamoto, Denzil akiwa kando yake kwenye kiti cha kukunja, na watu wa mabonde matatu walikuja kununua.

Mtu pekee aliyemcheka waziwazi alikuwa Lowell Gayheart, mwenye duka la dawa la mjini. Walisoma pamoja, darasani Lowell alikaa nyuma yake na ndiye aliyekuwa akikifungua kile kitambaa mwalimu akigeuka. Tangu hapo walikuwa hawajaacha kuchokozana.

"Bi Arvella, bado unawauzia watu maji ya mizizi?" Lowell alikuwa akimuuliza baada ya ibada.

"Na wewe bado unawauzia chaki?" Arvella alikuwa akimjibu. "Msalimie mkeo. Mwambie chupa yake ya dawa ya kikohozi nimemwekea. Ile mnayosema ni ya mama mkwe."

Lowell alikuwa akikohoa kidogo na kuaga.

Kwa hiyo alipokwenda dukani kwa Lowell na cheti cha dawa kutoka kwa Daktari Villanueva, Arvella alitarajia kuchekwa. Lowell alikisoma kile cheti mara mbili, akaenda nyuma, akarudi na kichupa cha vidonge. Hakuna utani. Alisema tu, "Laiti wangekupa hivi tukiwa darasa la tatu." Halafu akamuuliza, kama walivyomuuliza kliniki, kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia.

"Hakuna," Arvella alisema.

Wala hakuwa anadanganya, kwa jinsi alivyoona mwenyewe. Dawa ni kitu unachoandikiwa. Kile kijiko cha dawa ya nguvu alichokunywa kila asubuhi tangu akiwa msichana kilikuwa sawa na kahawa. Na yale matone ya ua la manjano, aliyoanza kuyatumia mwezi wa kwanza baada ya dada yake Opal kufariki, yalikuwa jambo lake na Opal. Hayakumhusu Lowell.

Kidonge cha kwanza alikimeza siku ya Jumatatu baada ya kifungua kinywa. Saa moja baadaye Denzil aliingia jikoni akakuta vyombo vyote vimeoshwa, vimekaushwa, vimepangwa kabatini. Arvella alikuwa amekaa mezani, mikono imetulia.

"Unaumwa?" Denzil aliuliza.

"Kumenyamaza," alisema Arvella.

"Wapi?"

Akagusa kichwa. "Humu ndani. Denzil, hivi wewe kwako ndivyo kulivyo siku zote? Kimya hivi?"

Denzil alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Kimya, ndiyo," alisema. "Mara nyingine nasikia wimbo."

Arvella akacheka mpaka akalia, kisha akaendelea kulia kwa sababu nyingine, akiwaza miaka hamsini aliyoitwa mvivu na mzembe na kichwa maji, na Denzil akavuta kiti akakaa karibu yake.

Siku kumi zile zilikuwa tamu. Alimaliza barua. Alishona vifungo. Alimsikiliza mchungaji mwanzo hadi mwisho, na akagundua kwamba mahubiri yake hayakuwa mazuri kama alivyodhani. Halafu moyo ukaanza kudunda. Mwanzoni ulidunda akipanda ngazi, baadaye hata akiwa amekaa. Mikono ikatetemeka kiasi cha kushindwa kumimina mafuta kwenye vikopo. Vifundo vya miguu vikavimba mpaka soksi zikaacha alama, na kichwa kikamgonga kuanzia asubuhi hadi jioni. Arvella alijua la kufanya mtu akidhoofika. Aliongeza dawa ya nguvu, kutoka kijiko kimoja hadi viwili, na wiki ya tatu akafika vitatu.

Hali ikawa mbaya zaidi. Asubuhi ya Alhamisi, akiwa anatoka bandani na ndoo, dunia ikamzunguka. Akashika nguzo ya uzio mpaka ikatulia. Alipoweza kusimama alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akiwa bado na mabuti ya bandani, akaenda mjini.

Akaweka kichupa cha vidonge juu ya kaunta ya Lowell. "Chukua sumu yako," alisema. "Imebaki kidogo iniue."

Lowell alimtazama usoni, akainua ubao wa kaunta, akatoka. "Kaa hapo."

"Sikai. Nimekuja kurudisha."

"Arvella, kaa."

Akakaa. Lowell akamfunga mkanda wa kupimia presha mkononi, mashine ikanguruma, ikaacha. Lowell alisoma namba, akapima tena mkono wa pili. Mia na themanini na mbili juu, mia na sita chini. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akatoa kalamu mfukoni.

"Niambie kila kitu kinachoingia mdomoni mwako tangu ukiamka."

"Nilishakwambia. Kidonge chako."

"Na nini?"

"Na kahawa."

"Vikombe vingapi?"

"Viwili. Vinne."

Akaandika. "Na nini?"

"Mayai. Unataka na mayai?"

"Nataka ile chupa ya kahawia, Arvella."

Arvella akageuza uso dirishani. "Ile si dawa. Ile ni ya bibi yangu."

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja." Kisha, kwa sauti ndogo, "Siku hizi vitatu."

Kalamu ya Lowell ikasimama. "Jinsengi na urukususu."

"Unajua vizuri kilichomo. Umeinywa miaka yote hii."

"Nilikunywa ya kikohozi," Lowell alisema, akasahau kwamba ilikuwa ya mama mkwe. "Kuna kingine?"

Hapo Arvella alianza kukung'uta tope kwenye mabuti yake. Mteja aliingia, Lowell akamwonyesha kwa mkono asubiri. "Yale matone ya ua la manjano," Arvella alisema hatimaye. "Ni kwa ajili ya Opal. Nikiyaacha naamka nikimtafuta."

Lowell akarudisha kalamu mfukoni. Yeye naye alimfahamu Opal. Opal ndiye aliyeimba kwenye harusi ya Lowell. "Pole," alisema. Halafu akamweleza, taratibu, bila kebehi. Kidonge chake kinachangamsha mwili, kinausukuma moyo. Jinsengi inasukuma upande uleule, na kahawa juu yake. Urukususu unapandisha presha wenyewe, unazuia maji mwilini, ndiyo ile miguu, na unapoteza madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Ua la manjano nalo halielewani na vidonge vya namna hii, linaweza kuvipunguzia nguvu au kumchafua mtu kwa namna nyingine kabisa. "Kila kimoja peke yake, kwa kipimo, pengine usingekisikia," alisema. "Wewe umeviweka vyote kwenye chungu kimoja."

"Watu wanakunywa mizizi hii tangu kabla duka lako halijajengwa."

"Hawakuwa na kidonge hiki."



Lowell alimpigia Daktari Villanueva, kisha akafunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akampeleka kliniki kwa gari lake. Walimpima moyo, wakamtoa damu, wakakuta yale madini yameshuka kama Lowell alivyosema. Walimlaza siku mbili. Daktari alisimamisha kidonge kwa wiki tatu na mizizi yote moja kwa moja, na kuhusu Opal akampangia mtu wa kuzungumza naye kila Jumanne. "Ungeniambia," daktari alimwambia. "Nisingekucheka. Bibi yangu kwetu alichemsha majani kwa kila kitu."

Denzil alipofika kumchukua, Arvella alikuwa amekaa kitandani amevaa tayari, amekasirika. Alikasirika njia nzima. Alimkasirikia Lowell kwa kuwa sahihi, akamkasirikia daktari kwa kuwa mpole, na zaidi akaikasirikia chupa ya kahawia, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Walipofika kwenye daraja la Caney akamshika mumewe mkono.

"Denzil," alisema. "Nimewauzia watu."

Kila Jumamosi, tangu vuli. Chupa ngapi hakujua. Kwa nani hakujua. Hakuwahi kuandika jina la mtu maishani mwake, na sasa, bila kidonge, kichwa chake kilikuwa soko tena. Kila akijaribu kukumbuka sura moja, nyingine tano zilimwingilia. Akashika kichwa.

Denzil alisimamisha gari kando ya barabara. Alizima injini. "Ishirini na tatu," alisema.

"Nini?"

"Chupa za nguvu. Ishirini na tatu tangu vuli." Akaanza kuhesabu kwa vidole, bila haraka. "Hobert Napier mbili, siku aliyokuja na mkono umefungwa. Mjane wa Slone, yule mwenye mbwa aliyekojolea meza. Dada wawili wa kule juu, walinunua moja wakagombana nani alipe. Mwalimu Kimbrell moja, alivaa koti la kijani, akasema anachoka sana jioni." Akaendelea hivyo mpaka mwisho. Miaka yote ile Arvella alidhani mumewe anasinzia kwenye kile kiti cha kukunja.

Walianza kesho yake asubuhi na ikawachukua siku nne. Walipanda kila bonde, Denzil akitaja jina na Arvella akigonga mlango. Maneno yalikuwa yaleyale. Chupa yangu bado unayo? Unatumia vidonge gani? Nionyeshe. Wengi hawakuwa na tatizo. Hawakutumia chochote, na Arvella aliwaachia chupa na kuwapa onyo. Wengine watano walikuwa na vidonge vya presha, akazichukua za kwao na kuwapa asali badala yake. Hobert Napier alikataa katakata.

"Nimeilipia," alisema mlangoni. "Inanisaidia magoti."

"Itakusaidia kaburini vilevile. Una presha wewe, kila mtu anajua."

"Bi Arvella, wewe mwenyewe uliniambia ni ya asili, haina madhara."

"Niliwahi kukwambia vilevile kwamba una sauti nzuri ya kuimba," Arvella alisema. "Lete chupa."

Akaileta. Na ya pili pia, ambayo ilikuwa tupu.

Nyumba iliyomuuma zaidi ilikuwa ya Mwalimu Kimbrell, msichana wa miaka ishirini na sita aliyefundisha darasa la kwanza. Arvella alipomuuliza kuhusu vidonge, akaona haya. Alikuwa na vidonge vilevile kama vya Arvella, ameandikiwa tangu chuo, na bila hivyo hakuweza kupanga hata somo la siku moja. Lakini mwezi uliopita moyo ulianza kumwenda mbio, akaogopa.

"Ukafanya nini?" Arvella aliuliza.

"Nikaacha vidonge," mwalimu alisema. "Nikabaki na ya kwako. Nilijua ya kwako haiwezi kuwa ndiyo yenye tatizo, maana umeitengeneza wewe, kwa mikono yako. Moyo ulitulia kweli. Ila sasa kazini ninaharibu kila kitu. Mkuu wa shule kaniita mara mbili."

Arvella alikaa kwenye ngazi za baraza la yule msichana. Alikumbuka kile kitambaa cha shingo. Alimweleza kila kitu, pamoja na namba zake za presha na siku mbili za kliniki, na hakujipamba. "Uliniamini mimi ukaacha kilichokuwa kinakusaidia," alisema. "Nisamehe, binti. Nenda kwa daktari wako kesho, umwambie yote. Na hii naondoka nayo."

Mwalimu alimkumbatia. Arvella hakujua afanye nini na mikono yake, akampigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto mchanga.

Kidonge alikirudia mwezi wa tatu, kipimo kidogo zaidi, kahawa kikombe kimoja, na kijiko cha asubuhi hakuna. Presha ilitulia. Kimya kilirudi, na safari hii kilikaa. Jumanne alikwenda kumzungumzia Opal, mwanzoni kwa kulazimishwa, baadaye akiwa wa kwanza kufika. Jambo lililowashangaza watu ni kwamba alikwenda pia dukani kwa Lowell akaazima kile kitabu kinene kinachoeleza dawa gani haipatani na nini. Lowell alimwambia hakuna anayekisoma kile, watu wanatafuta neno moja tu humo na kukifunga. Arvella alikisoma chote. Ilimchukua mpaka mwezi wa sita, akiwa na penseli, na pembeni ya kurasa aliandika mambo ambayo waliokiandika hawakuyajua, kama vile mzizi upi unachimbwa mwezi gani na upi watu wanauchanganya na upi. Lowell alilalamika kwamba kitabu ni cha duka. Halafu akaenda kununua kingine, akamwachia kile.

Mezani kwake ukumbini chupa za nguvu zilibaki chache, upande wake wa mkono wa kushoto, na hakuna aliyepata moja kabla ya kujibu maswali. Watu walinung'unika. Kisha wakazoea, wakawa wanakuja na mifuko ya vidonge vyao vyote, vipya na vilivyopitwa na wakati, wanaimwaga mbele yake. Yeye bila miwani, ambayo kila Jumamosi aliisahau nyumbani, hakuweza kusoma maandishi madogo yale, na alikuwa ameshaapa kutokisia tena. Akawa anawaelekeza mjini.

Jumamosi moja ya kiangazi simu ya Denzil ililia, akampa mkewe.

"Arvella," ilisema sauti ya Lowell, imechoka, "leo umeniletea watu saba. Wote wana mifuko. Sijala."

"Wanane," Arvella alisema. "Mjane wa Slone ndiyo kwanza ametoka hapa. Na mbwa wake."

Lowell akashusha pumzi ndefu, akauliza mjane ana vidonge vya aina gani. Arvella akageukia kiti cha kukunja. Denzil, macho yamefumbwa, akamtajia.